Ombi la Umma kwa Ajili ya Punda wa Mikokoteni: Hatua za Kuliandaa na Kulifikisha kwa Bunge la Kaunti

Kampeni nyingi za kutetea wanyama huanza na sahihi na huishia papo hapo. Mtu humwona punda aliyeanguka barabarani na mzigo wake, akapiga picha na kuisambaza, na kabla ya jua kutua amekwisha kuwaalika watu watie sahihi ombi la kukomesha mateso ya wanyama. Sahihi hupatikana kwa wingi, maana ni nani atakayekataa? Lakini ombi lenyewe halikutaja ofisi wala sheria, na halina jambo lolote ambalo afisa akiingia kazini Jumatatu anaweza kulifanya kisha akasema amelitimiza. Katika mwongozo huu sahihi zimewekwa karibu na mwisho, kwa sababu kazi iliyo kubwa ni kumpata mwenye mamlaka na kumwomba jambo lililo mikononi mwake.

Mfano unaotumika ni punda wa mikokoteni nchini Kenya, na mlengwa ni serikali ya kaunti. Msomaji wa Tanzania atafuata hatua zile zile, ila ataegemea Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na kuielekeza hoja yake kwa halmashauri, ambayo ina uwezo wa kutunga sheria ndogo.

Hatua ya kwanza: lijue jambo kabla ya kulilalamikia

Nenda sokoni siku ya soko, au penye kisima na bomba ambako wachuuzi wa maji hujaza madumu, ukae hapo kuanzia asubuhi hadi alasiri. Andika unachokiona kwa tarehe, saa na mahali. Tazama mabega na kifua, ambako kamba ya nailoni isiyofunikwa na kitambaa hukata ngozi. Tazama mgongo palipolalia vyuma au miti ya mkokoteni. Tazama mapaja ya nyuma na shina la mkia, ambako fimbo huangukia. Kisha tazama kwato kama zimerefuka na kupinda. Hesabu mzigo badala ya kuukisia. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa takriban kilo 20, kwa hiyo mkokoteni wenye madumu 20 umebeba kilo 400 kabla hujahesabu uzito wa mkokoteni wenyewe na wa kijana aliyeketi juu yake. Maelezo ya namna hiyo yana nguvu kuliko kurasa tatu za huruma, kwa sababu mjumbe wa kamati anaweza kuyahesabu mwenyewe akiwa kwenye kiti chake.

Uliza pia kuhusu yasiyoonekana kwa urahisi: punda wananyweshwa wapi, mara ngapi kwa siku, na ni nani anayewatibu? Mara nyingi utagundua kwamba punda anayesomba maji ya mji mzima hana pa kunywa, kwa sababu maji ya bomba yanauzwa kwa dumu na hakuna birika la wanyama popote karibu na soko. Utakapofika kuandika ombi, ugunduzi huo utakufaa zaidi kuliko picha ya kidonda.

Ili usisahau upande wowote, panga uchunguzi wako kwa ule utaratibu wa uhuru tano ambao wataalamu wa mifugo huutumia: uhuru dhidi ya njaa na kiu, dhidi ya mazingira yasiyofaa, dhidi ya maumivu, majeraha na maradhi, uhuru wa kuishi kwa tabia ya asili, na uhuru dhidi ya hofu. Unapopiga picha, mpige mnyama, na nyuso za watu uziache nje ya fremu. Baada ya hapo mpelekee daktari wa mifugo aliyesajiliwa ulichokikusanya, umwombe maoni mafupi kwa maandishi.

Yale usiyoweza kuyaona kwa macho yatafute kwa njia ya sheria. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na ofisi hiyo inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Uliza kaunti ina maafisa wangapi wa mifugo, wamepangiwa masoko gani, na kama bajeti ya mwaka huu ina fungu la mabirika ya maji. Ukinyamaziwa, unaweza kulipeleka suala hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Hatua ya pili: mtafute mwenye mamlaka

Hapa ndipo kampeni nyingi hupotea, kwa sababu mambo mawili tofauti hufungwa katika furushi moja. Kuna suala la uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, na kuna suala la jinsi punda aliye hai anavyotumikishwa. Mamlaka zake si zile zile.

Suala la ngozi ni la kitaifa na limevuka mipaka ya nchi. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini Kenya, yakiwamo ya Naivasha na Mogotio, na ngozi zikasafirishwa kwenda China, ambako huchemshwa ili kupata gundi iitwayo ejiao inayotumika katika dawa za jadi. Punda hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo idadi yao haiwezi kurudi upesi kama ya mbuzi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini, ile ya mwaka 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2. Wafugaji walilalamikia wizi wa mifugo yao, na Februari 2020 Waziri wa Kilimo Peter Munya akatangaza kupiga marufuku biashara hiyo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo kwa kesi iliyoletwa na mwenye chinjio. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yana funzo kwa anayeandaa ombi. Tangazo la waziri hupatikana haraka na huweza kuanguka haraka. Kama hoja yako ni ya ngozi, ombi lako lielekee Bunge la Taifa na lidai sheria iliyotungwa na Bunge, wala lisiridhike na tamko lililotolewa mbele ya kamera.

Suala la punda wa mikokoteni liko karibu zaidi nawe. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Sehemu ya Pili, limeikabidhi serikali ya kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na minada ya mifugo, machinjio ya kaunti na kinga ya magonjwa ya wanyama. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo imefungua milango miwili. Kifungu cha 15 kinampa mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, hata kutunga au kurekebisha sheria. Kifungu cha 88 kinawapa raia haki ya kuiomba serikali ya kaunti yenyewe, na Kifungu cha 89 kinaibebesha serikali hiyo wajibu wa kujibu bila kuchelewa. Ukitaka sheria au fedha, bisha hodi bungeni. Ukitaka afisa wa mifugo aliyeko kazini apangiwe kufika sokoni kila Jumanne, barua kwa waziri wa kaunti anayesimamia kilimo na mifugo yaweza kutosha, na utakuwa umeokoa miezi kadhaa.

Hatua ya tatu: chagua ombi moja linalotekelezeka

Kabla ya kuandika kwamba unataka sheria ya kuzuia punda wasipigwe, isome Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Tayari inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au amejeruhiwa. Ombi linalodai kilichokwisha kuandikwa hujibiwa kwa mstari mmoja: sheria ipo. Upungufu uko kwenye utekelezaji, na utekelezaji unahitaji mtu, mahali na fedha.

Kwa hiyo badilisha malalamiko yawe kazi. Badala ya kuandika kwamba serikali ikomeshe mateso ya punda, andika kwamba kaunti ijenge birika la kunyweshea wanyama katika soko fulani, kwamba afisa wa mifugo awepo hapo kila siku ya soko, na kwamba kaunti itunge kanuni za leseni ya mikokoteni zitakazotaja uzito wa juu wa mzigo na siku ya mapumziko. Hayo matatu yanatosha, na kwa maoni yangu hata mawili yangetosha. Ombi lenye madai kumi humpa afisa nafasi ya kulitimiza lile dogo kuliko yote na kutangaza ushindi.

Kila dai lipimwe hivi: je, baada ya mwaka mmoja mtu anaweza kwenda kulitazama kwa macho na kusema limefanyika au halikufanyika? Birika linaonekana. Uhamasishaji wa jamii hauonekani, ndiyo maana ofisi nyingi hupenda kuahidi uhamasishaji.

Zingatia pia kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Ombi la birika linaloletwa mwezi Mei limekuta chungu kimekwisha kuepuliwa. Lilete kati ya Julai na Septemba, uhudhurie na vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, maana mwakilishi wa wadi husikia zaidi jambo linalorudiwa na sauti tofauti katika vikao tofauti.

Hatua ya nne: wenye punda wawe ndani tangu mwanzo

Ombi la punda lililoandikwa na watu wasio na punda litakutana sokoni na wapinzani wa kwanza, nao watakuwa wale wale wanaoshinda na mnyama huyo kutwa. Kijana mwenye mkokoteni akisikia kwamba kuna watu wanatafuta sahihi kuhusu mateso ya punda, ataelewa kwamba anatafutiwa kesi. Tena si ajabu, kwa sababu mara nyingi mkokoteni si wake. Amekodishiwa kwa siku, na kila safari anayoiacha ni hasara yake peke yake. Yule anayepanga idadi ya safari hayupo pale na fimbo haiko mkononi mwake.

Kutana nao kabla ya kuandika hata sentensi moja ya ombi. Waulize punda huugua nini, dawa ni bei gani, na wangependa nini kifanyike. Watakuambia mambo ambayo hukuyaona: kwamba hakuna duka la dawa za mifugo linalofunguliwa mapema, kwamba punda huibwa usiku, kwamba matandiko mazuri hayauzwi popote mjini ila kwa kushonesha kwa fundi. Madai yako yatabadilika kutokana na mazungumzo hayo, na ni vizuri yabadilike. Mkubaliane kwamba sahihi za kwanza ziwe za kwao. Kamati ikiona kwamba waombaji watano wa mwanzo ni wenye mikokoteni, hoja kwamba kampeni hii inatoka nje au inawanyima vijana riziki itakuwa imekwisha kujibiwa kabla ya kutolewa.

Katika Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale havipiti gari na punda ndiye mchukuzi wa mawe, mchanga na saruji, shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa na kituo cha matibabu tangu miaka ya 1980. Mahali penye huduma kama hiyo, wahudumu wake ni mashahidi wazuri, kwa kuwa wanawajua wanyama na wenye wanyama vilevile.

Hatua ya tano: andika ombi kwa umbo linalokubalika

Ombi halali si tangazo. Utaratibu wa Bunge la Taifa, ambao unaweza kuuchukua kama kielelezo, unataka ombi liandikwe kwa mkono au kuchapwa, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwa lugha ya heshima na isiyo na matusi, bila kufutwafutwa wala maneno kuchomekwa kati ya mistari. Lieleze hatua zilizokwisha kuchukuliwa kutafuta suluhisho na majibu yaliyopatikana. Liseme kama jambo hilo liko mahakamani au haliko. Na lihitimishwe kwa dua iliyo wazi kuhusu kinachoombwa. Nenda kwa ofisi ya Karani wa bunge la kaunti yako uombe Kanuni za Kudumu, kwa sababu kila bunge lina zake na tofauti ndogo ndogo huweza kulirudisha ombi.

Sehemu ya hatua zilizokwisha kuchukuliwa huwaangusha wengi. Kabla ya kwenda bungeni, hakikisha umemwandikia waziri wa kaunti au mkurugenzi wa huduma za mifugo, na una nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Hata asipojibu, kimya chake kitaingia katika ombi lako kama ushahidi.

Kiini cha ombi chaweza kusomeka hivi:

"Sisi tuliotia sahihi hapa chini, wakazi wa wadi ya ……, wakiwamo wenye punda na wachukuzi wa mikokoteni, tunalieleza Bunge kwa heshima kwamba soko la …… hutumiwa na punda wengi kila siku ya soko na halina mahali pa kuwanyweshea, kwamba tulimwandikia mhusika tarehe …… na hadi leo hatujapata jibu, na kwamba jambo hili haliko mbele ya mahakama yoyote. Kwa hiyo tunaliomba Bunge lipendekeze fedha zitengwe katika bajeti ya mwaka …… kwa ajili ya kujenga birika la maji katika soko hilo, na liitake idara ya mifugo kumpanga afisa wa kuhudumu hapo kila siku ya soko."

Kiswahili cha ombi kiwe hicho cha kawaida, chenye vitenzi vinavyotenda kazi. Maneno kama "unyama uliokithiri" yaachie magazeti. Mantiki yote iwe ndani ya ombi lenyewe, kwa sababu utaratibu huo wa Bunge la Taifa hauruhusu barua na hati nyingine kuambatishwa. Picha, maoni ya daktari na hesabu ya madumu viweke katika jalada utakalolipeleka utakapoitwa mbele ya kamati.

Hatua ya sita: kusanya sahihi

Sheria haikuweka idadi ya chini. Hata mtu mmoja ana haki ya kuleta ombi. Wingi wa sahihi ni kipimo cha kisiasa, na mwakilishi wa wadi hutazama kwanza ni ngapi zinatoka katika wadi yake. Sahihi 300 za wapiga kura wa sokoni pale humgusa kuliko elfu kumi zilizokusanywa mtandaoni kutoka Nairobi, London na Toronto. Ukurasa wa mtandaoni unafaa kwa kueneza habari, na Wakenya walioko ughaibuni wanaweza kuchangia humo, lakini usiuhesabu kuwa ndio ombi. Bunge linataka sahihi au alama ya dole gumba iliyotiwa moja kwa moja juu ya karatasi ya ombi, pamoja na jina, anwani na nambari ya kitambulisho.

Kichwa cha ombi kiandikwe juu ya kila karatasi ya sahihi, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba alitia sahihi kitu kingine. Msomee kwa sauti asiyejua kusoma, na awepo shahidi anapoweka dole gumba. Usimshike mtu kwa ahadi ya nauli wala soda. Tena kumbuka kwamba nambari za vitambulisho ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Karatasi zikae kwa mtu mmoja anayejulikana, zisipigwe picha na kutumwa katika kundi la WhatsApp, na zisitumike kwa jambo lingine lolote. Wakati wa uchaguzi watakuja watu wanaoitamani orodha hiyo, wakatalieni.

Hatua ya saba: fikisha ombi na ulifuatilie

Toa nakala tatu. Moja ya Karani, moja ya mwakilishi wa wadi, na moja yako, ambayo utahakikisha imegongwa muhuri wenye tarehe mbele ya macho yako. Ombi laweza kupelekwa moja kwa moja kwa Karani au kupitia mwakilishi. Njia ya pili ni nzuri kama mwakilishi ana moyo nalo, na ni mbaya kama analichukua ili aliweke butini mwa gari lake. Muulize Karani siku hiyo hiyo ombi litasomwa lini, litapelekwa kamati gani, na kanuni zimeipa kamati hiyo muda gani wa kutoa ripoti. Yaandike majibu hayo nyuma ya nakala yako.

Mkiitwa mbele ya kamati, nendeni watatu: mwenye punda, daktari wa mifugo, na msemaji anayejua ombi kifungu kwa kifungu. Mwenye punda aongee kwanza. Maswali yatakayokuja karibu yote ni ya gharama na mahali, kwa hiyo nendeni na makadirio ya fundi kuhusu bei ya birika la saruji na mabomba yake, na mjue ardhi ya soko ni ya nani. Msiende kamati ya kaunti mkitaka kubishana kuhusu ngozi na China. Watafurahia kuzungumzia yaliyo nje ya uwezo wao hadi saa iishe.

Kamati ikitoa ripoti nzuri, kazi inahamia katika bajeti. Pendekezo lisilo na fungu la fedha hubaki karatasi. Itafuteni hati ya makadirio mwezi Mei, mtazame kama birika limetajwa kwa jina la soko au limefichwa ndani ya fungu la jumla la ukarabati wa masoko. Kama limefichwa, andikeni maoni na kudai litajwe. Kamati ikikataa, ombeni sababu kwa maandishi, kwa kuwa ombi jipya litajengwa juu ya sababu hizo. Na birika likijengwa, mkubaliane mapema na kamati ya soko ni nani atakayelipa bili ya maji na nani atakayelisafisha, kwa sababu birika lililokauka au lililojaa ukungu litatumiwa kuwa hoja dhidi ya ombi lenu linalofuata.